Jino Lililovishwa Magunzi

Mpwa wangu alikuwa na tabia ya kula kwenye sahani yangu. Haikuwa njaa, maana sahani yake ilijaa kama yangu. Aliamini tu kwamba wali wa mjomba una utamu ambao wali wa watu wengine hauna, na mimi, niliyekuwa nimetoka Chuo Kikuu mwaka huohuo na sikuwa na mtu mwingine wa kuniamini kwa lolote, nilimwachia. Alichota kwa mkono wake mdogo, akaonja, akarudisha kile asichokipenda. Maji tulinywa kikombe kimoja. Ndivyo tulivyoishi Temeke kwa dada yangu, chumba changu kikiwa cha uani, mpaka asubuhi moja mtoto alipoamka shavu limemvimba kama mtu aliyeficha tonge la ugali akakataa kulimeza.

Dada hakuhitaji daktari. Alimtazama mara moja, akasema ni matumbwitumbwi, kisha akanigeukia mimi badala ya mtoto.

"Na wewe ulishaugua?"

Nilisema sijui. Yeye naye hakujua, kwa sababu wakati mimi nakua Chang'ombe na wazazi wetu, yeye alikuwa kusini analelewa na bibi. Tulikuja kuzoeana tukiwa watu wazima.

"Basi tafuta kujua," akasema. "Harusi yako mwezi ujao."

Hakufafanua, wala haikuhitajika. Jambo hilo kila mwanamume wa mji ule alilijua hata kama hakujua kusoma. Matumbwitumbwi yakimpata mtoto, huvimba mashavu, hunywa uji kwa siku chache, kisha hurudi mchezoni. Yakimpata mwanamume mzima, hushuka chini. Hushuka mpaka mahali ambapo mwanamume asingependa kitu chochote kimvimbe, na yakishatoka huko, watu walisema, mwenye nyumba ataitwa mjomba na kila mtu, lakini baba hataitwa na yeyote. Nilijiambia kwamba hayo ni maneno ya mitaani tu. Halafu nikakumbuka kwamba nami naishi mitaani.

Siku iliyofuata dada alifanya kama wanawake wa uswahilini walivyofanya. Alichukua masizi ya chungu akampaka mtoto mashavuni, akatunga magunzi ya mahindi kwenye kamba akamvisha shingoni, akamtoa nje. Watoto wa mtaa wakamfuata nyuma wakiimba na kupiga makopo, nyumba hadi nyumba. Mgonjwa mwenyewe haimbi. Hasemi neno, hamwamkii mtu, hageuki nyuma. Akifika njia panda anavua magunzi, anayatupa, anakimbia nyumbani bila kutazama, na ugonjwa unabaki pale ukimsubiri mpita njia. Sheria kubwa ilikuwa ile ya kunyamaza. Mgonjwa akikusemesha nawe ukamjibu, basi umepokea. Kwa hiyo siku kama hiyo hata watu wenye adabu zao walimwona mtoto anakuja wakageukia ukutani, wakajifanya wanatafuta kitu.

Mpwa wangu alipita kwa maringo kama bibi harusi. Nilimtazama kupitia dirishani, kitambaa puani, kana kwamba kitambaa kingetengua wiki nzima ya kula naye.

Nilikwenda zahanati. Mganga alikuwa kijana wa rika langu, mchangamfu, na alinisikiliza huku akijizuia kucheka. Aliniambia kwamba si kila mwanamume anayeugua ukubwani huteremkiwa, na hata akiteremkiwa, mara nyingi ni upande mmoja, na wengi huzaa kama kawaida. Yote hayo aliyasema vizuri. Mimi nilisikia "akiteremkiwa". Kisha akasema kuwa kama niliugua utotoni hayo yote hayanihusu, kwa sababu mwili ukishapigana na ugonjwa ule mara moja hausahau, na ni nadra sana mtu kuugua mara ya pili.

"Nitajuaje kama niliugua?" nikauliza.

"Kamuulize mama yako."

Nilitoka nikiwa nimeudhika. Nchi imepata uhuru, tumefungua chuo kikuu chetu wenyewe, nimesoma historia mpaka nikavishwa joho, na kipimo cha juu kabisa cha sayansi ni mama yangu.

Mama alikuwa Chanika. Baba alipofariki aliacha mji akaenda kulima huko, akasema mjini hakuna kitu ila kelele na watu wanaokuuliza kabila. Nilimkuta anapalilia mihogo. Nikamwamkia, nikamweleza, naye hata hakunyoosha mgongo.

"Hukuugua," akasema.

"Nakumbuka kuvimba, mama. Nakumbuka kunywa uji."

"Lile lilikuwa jino."

Nikamuuliza jino la upande gani. Akasema la kulia, na akaongeza kwamba lilinisumbua sana, maskini, mpaka akaniwekea karafuu. Alilisema hilo kwa uhakika hata nikaanza kuhisi ladha ya karafuu. Alinipa mihogo ya kumpelekea dada, akanisindikiza mpaka barabarani, akasema nisiwe na wasiwasi. Nilirudi Temeke nikiwa na mihogo mingi na hukumu mkononi.

Wiki zilizofuata sizisifu. Mganga alikuwa amesema ugonjwa huo hukaa mwilini wiki mbili, pengine tatu, kabla ya kujionyesha. Watu walisema dalili ya kwanza ni uchungu wa taya ukila kitu kikali, basi nikawa nauma ndimu kila asubuhi kabla ya chai na kusikiliza taya zangu. Nilijitazama kwenye kioo cha dada upande huu na upande ule. Wapangaji wenzetu wakaanza kuniuliza hali kwa upole wa kutisha. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mwembamba aliyetaka kujua kila kitu kinachoingia kwenye nyumba zake kumi, alinisimamisha uani akaniuliza kama "wageni" wamefika. Nikamwambia bado.

Mzee yule hakujua, lakini ndiye aliyenisaidia kuelewa nilichokuwa nakisoma. Nilikuwa nimerudi maktaba ya Mlimani, safari hii kwenye rafu za watu wa sayansi, nikawa nasoma habari za kinga ya mwili kwa bidii ambayo walimu wangu wa historia hawakuwahi kuipata kwangu. Vitabu vilieleza mambo hayo kama vita: majeshi, silaha, ngome. Mimi sijawahi kuwa askari. Nilihudhuria mgambo nikashindwa kupiga hatua pamoja na wenzangu. Lakini balozi nilimjua.

Mgeni mbaya huingia mwilini kwa mdomo au pua. Kwanza hukutana na wale wanaomzuia kila mtu bila kuuliza jina: ngozi, mate, makamasi, kisha homa. Hao ni kama mbwa wa mtaa. Wanabweka vizuri lakini hawatofautishi mwizi na shemeji. Akiwapita hao, hukutana na chembe nyeupe za damu za aina nyingine kabisa. Ziko nyingi mno, na kila moja imezaliwa ikiweza kutambua sura ya mgeni wa namna moja tu. Nyingi zinaishi na kufa bila kukutana na mgeni wao, jambo ambalo lilinifanya nizionee huruma. Ile inayokutana naye huanza kuzaana, wanawe nao wakazaana, wakatoa vitu vidogo vinavyomng'ang'ania mgeni yule asiweze kufanya kazi yake. Hilo huchukua siku, na ndizo siku ambazo wewe umelala unanung'unika.

Mtaani kwetu aliwahi kuingia mwizi wa nguo. Mara ya kwanza ilichukua kutwa nzima: balozi kuita watu, watu kubishana, mwizi kukana. Mara ya pili alikuja amevaa kanzu na kofia, na balozi akamtambua kwa mwendo tu tangu kona ya duka. Akarudishwa alikotoka, na wengi wetu hatukujua kwamba alifika. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Mambo yakiisha, chembe nyingi hufa, lakini chache hubaki miaka na miaka zikizunguka na sura moja kichwani. Mgeni akirudi hapewi hata nafasi ya kuketi.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa ndani ya damu yangu mwenyewe, na hapo ndipo pa kuudhi. Mwili ulijua na haukusema. Kwa ndui nilikuwa na kovu la chanjo begani, kama risiti. Kwa matumbwitumbwi sikuwa na kitu ila neno la mama, na neno la mama lilikuwa jino.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akikaa kwa wazazi wake Mikocheni. Nilimficha jambo hili kadiri nilivyoweza, yaani mpaka alipouliza kwa nini nanuka ndimu. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa hotuba fupi ya kumfungua kutoka kwenye ahadi yake kama atapenda. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Aliisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza watoto wakikariri.

"Mie sitaki hotuba, nataka kujua," akasema. "Kama hukuugua, tutasubiri hatari ipite, kisha tutaoana tukijua tunaingia wapi. Kama uliugua, uache ndimu, watu wanakucheka."

Kisha akaniuliza kama kwetu Chang'ombe tuliwatembeza wagonjwa na magunzi. Nikasema nadhani, maana mtaa ulikuwa wa Wazaramo na sisi wageni tulifuata waliyoyafanya. Akashangaa kwamba nimepoteza muda maktaba. Yeye alitembezwa alipokuwa mdogo, akasema, na mpaka leo muuza mkaa wa mtaani kwao anamwita Mashavu. Mtu hawezi kutembezwa mtaa mzima amepakwa masizi halafu mtaa usijue.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa naicheka ile mila kwa kuwa haiponyi, na kweli haiponyi. Lakini kila mgonjwa alipitishwa mbele ya kila mlango, mchana, kwa kelele. Kama ni ushahidi, sijui ungetaka upi tena.

Tukaenda Chang'ombe Jumamosi. Viwanda vilikuwa vimeongezeka na mtaa wetu wa zamani ulikuwa umepungua, lakini nyumba iliyotazamana na ya kwetu ilikuwa palepale, na mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitika. Alinitazama shingoni kwanza, pande zote mbili, kwa makini, kama mtu anayetafuta kamba. Ndipo akasema, polepole, "Marahaba." Akaongeza kwamba pua yangu anaijua, mimi ni mtoto wa yule mama wa kusini.

Nilimweleza kwa kuzungukazunguka kwamba tunatafuta kujua kama utotoni niliwahi kuugua matumbwitumbwi, kwa sababu mama anasema lilikuwa jino. Aliweka ungo chini.

"Bado anasema jino? Jino gani linavishwa magunzi likatembezwa mtaa mzima?"

Akatuambia. Alikuwa palepale barazani anapika vitumbua, mimi nikapita na masizi yangu na msafara wangu. Wenzake wote wakageuka ukutani. Yeye alikuwa na kitumbua kwenye mafuta, hakuwahi. Nami, badala ya kupita kimya kama wagonjwa wenzangu, nikasimama mbele yake, nikaweka mikono nyuma kwa adabu zote, nikasema shikamoo.

"Nikaitika," akasema. "Mtoto wa watu ananiamkia, nisiitike? Nimelelewa, mie."

Haukupita muda, mtoto wake wa mwisho akavimba. Alimfuata mama yangu bombani, na anaapa kwamba hakutaka ugomvi, alitaka kupewa pole tu. Mama akamjibu mbele ya foleni nzima ya ndoo kwamba mwanawe hana matumbwitumbwi, mwanawe ana jino. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena, na waliteka maji bomba moja mpaka tulipohama.

Niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyetua gunia. Kabla hatujafika kwenye kona, mchumba wangu akalirudisha gunia begani. Akasema mama yule amekuwa na kinyongo tangu mimi mdogo, na mwenye kinyongo hukumbuka kinachomfaa. Mama yangu naye alikuwa anajitetea, na anayejitetea ni hivyohivyo. Tusipomsikia mwenyewe aliyenipaka masizi, hatujui kitu.

Kwa hiyo tulikwenda Chanika wote wawili. Mama alimpokea mkwe wake mtarajiwa kwa furaha, akamtandikia mkeka, akamuuliza habari za wazazi mmoja mmoja. Alikuwa anatwanga kisamvu. Nilianza kuuliza lile swali langu kwa njia ya kitaaluma, na mama akaanza kutwanga kwa nguvu zaidi, tukawa tunashindana sauti. Mchumba wangu akapiga goti karibu na kinu.

"Mama," akasema, "mie sikuja kwa ajili ya ugomvi wa Chang'ombe. Nimekuja kuuliza kama nitazaa."

Mchi ulisimama. Mama alitazama ndani ya kinu, akatoa jani lililomshika kidoleni.

"Mtazaa," akasema. "Alivimba pande zote mbili. Masizi nilimpaka kwa mkono huu."

Nikamuuliza, nadhani kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa kwa mzazi, basi lile jino lilitoka wapi. Hakunijibu mimi, alimjibu yeye. Walikuwa wageni pale, akasema, kila kitu kikiharibika mtaani waliulizwa watu wa kusini. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa anatafuta sababu ya kuwatoa. Leo ije isemwe mbele ya watu kwamba mtoto wao ndiye ameleta ugonjwa nyumba ya jirani, na kesho walale wapi? Jino lilimtoka mdomoni bila kufikiri.

"Na neno ukishalisema bombani, mwanangu, halirudi kwenye ndoo," akasema. "Ikabidi niishi nalo."

Aliishi nalo vizuri hata likapata upande wa kulia na karafuu. Nikamwambia kwamba nimeshinda wiki hizi zote nikitafuna ndimu, na kwamba nilipokuja mara ya kwanza angeweza kuniambia.

"Nilijua hutavimba," mama akasema, akiushika tena mchi. "Ndiyo maana nikakwambia usiwe na wasiwasi. Hukunisikia."

Ni kweli aliniambia hivyo. Nilikaa mkekani. Kicheko kilinijia kutoka tumboni nisikokutarajia, mchumba wangu naye akaanza, mama akatutazama kama wendawazimu kisha naye akashindwa kujizuia. Nilikula kisamvu kile kwa wali mpaka mama akauliza kama dada yangu hanilishi. Taya zilifanya kazi bila kuniomba ruhusa. Kumbe haya yote yalikuwa yameshaamuliwa tangu nikiwa mtoto wa kaptula, na mwili wangu uliendelea na shughuli zake, bila kujali nani anasemezana na nani bombani. Mpwa wangu alikuwa ameniletea mgeni, mgeni akatambuliwa kwa mwendo tangu kona ya duka, na mimi ndani ya nyumba nikawa napiga kelele za mwizi.

Wiki ya harusi mama alikuja mjini, na kabla hata ya kushusha mizigo kwa dada alitaka kupelekwa Chang'ombe. Tulipofika, yule mama aliinuka barazani, wakatazamana, akamwambia mama apite ndani. Mlango ukafungwa. Mimi na mchumba wangu tukaachwa nje na mtoto wa mwisho wa nyumba ile, ambaye sasa alikuwa fundi mitambo kiwandani, bado amevaa ovaroli lake.

"Kwa hiyo wewe ndiye jino," akasema, akanipa mkono.

Nilimwomba radhi kwa shikamoo yangu. Akacheka, akasema alipata siku nyingi za kutokwenda chuoni kusoma Kurani na angenishukuru mapema kama angejua nilipo. Watoto wake walitoka mmoja baada ya mwingine kutuamkia, mdogo kabisa akanipandia magotini. Tukaanza kukumbushana utoto, na katika kukumbushana akasema kwamba siku chache kabla ya mashavu yangu kuvimba tulikuwa sote nyuma ya karakana tunatafuna muwa mmoja kwa zamu, yeye akiuma mimi nikifyonza.

Nilifurahi sana. Nikamweleza kwamba ugonjwa ule hupita kwenye mate, tena mtu huanza kuambukiza kabla hajavimba, kwa hiyo siku napita na masizi yeye alikuwa ameshaupata zamani. Shikamoo haikuwa na hatia yoyote. Alinisikiliza, akageukia mlango.

"Mama," akaita, "msomi anasema ulikuwa muwa."

Ndani kulikuwa na sauti mbili zikipishana, wala hazikuwa za ugomvi. Nilisikia neno pilau, nikasikia mama yangu akibishia idadi ya nazi. Sauti zikakatika.

"Mwambie anyamaze," mama mwenye nyumba akajibu. "Tumeshasameheana kwa shikamoo. Asituletee muwa."

Nilifungua mdomo nieleze vizuri zaidi. Mchumba wangu akanikanyaga mguu.